Pindo la Kanzu

Kila mwaka, siku ya Bonane, nilikuwa shehe. Siku zote nyingine nilikuwa mtu wa nyumbani tu, Mkatoliki kwa baba na kwa mama, mwenye diplome ya sekondari iliyolala sandukuni pamoja na shuka za harusi. Kazi yangu ilikuwa kukaa barazani na kuchajia watu simu zao. Mke wangu alizoea kusema kwamba volkano ikilipuka tena, lava itanikuta kwenye kiti kilekile na itanizunguka kwa heshima.

Lakini siku ya kwanza ya mwaka nilisimama. Vijana wa avenyu yetu ya Katindo, hapa Goma, walikuwa na mchezo wao wa kuigiza, mbele ya robine ya maji, pale ambapo mawe meusi yamelala sawa kama jukwaa. Mchezo ulikuwa uleule: padri, pasta na shehe wanakutana njiani, kila mmoja na njaa yake. Padri alificha chupa ndani ya mkono wa joho. Pasta aliuza mafuta ya miujiza ambayo kumbe ni ya kukaangia viazi. Shehe, ndiye mimi, alikuwa amefunga, na aliuliza kila mpita njia kama jua halijazama. Wingu likipita alipiga kelele saa nne ya asubuhi: "Limezama! Nani ameona halijazama?"

Kanzu ilikuwa ya jirani yangu. Tulikaa kiwanja kimoja, mlango wake ukitazama wangu, katikati yetu kamba ya nguo na pipa la maji. Alikuwa mshonaji, cherehani yake iko sokoni Birere, na ni yeye aliyeshona joho la padri kutoka pazia kuukuu na kumpunguzia pasta koti. Kanzu tu ndiyo alikataa kushona.

"Kitambaa kizuri juu ya mwili wa Mukristo ni hasara," alisema. "Vaa yangu. Na usiijaze mafuta."

Siku ya mchezo alikaa mbele kabisa na kofia yake kichwani, akicheka kuliko wote, na katikati ya maneno yangu alinikatiza: "Shehe gani anashika tasbihi kama mutu anahesabu visamaki vya sambaza?" Watu walicheka mara mbili: kwanza walinicheka mimi, halafu walimcheka yeye.

Kuna wenzake wa msikitini ambao hawakupenda. Walimwambia anawapa watu dini wachezee. Alinisimulia mwenyewe jibu lake, huku akipima mabega yangu kwa kamba yake ya kupimia bila sababu. "Nimewaambia: dini inayoweza kuvunjwa na mutu anayeogopa kuvuka barabara ya Katindo, hiyo dini ilikuwa imeisha zamani."

Ndivyo tulivyoishi. Wakati wa Kwaresima aliniuliza: "Nyinyi munaacha nyama munakula samaki mukubwa kuliko mbuzi. Ile ni kufunga ao ni kubadilisha sahani?" Ramadhani ikifika nilimjibu kwamba kwake sufuria hufunga mchana, usiku linalipiza kisasi. Mke wangu alisema sisi wawili tungefungwa gereza moja tusingejua kama tumefungwa.

Halafu zikaja habari za Beni, kule kaskazini. Sisi ni watu wa upande ule. Kila asubuhi redio ilisema ni kijiji gani, na mimi nilikuwa nazima kabla haijamaliza, halafu nawasha tena kwa sababu ya ndugu. Watu walikuwa wanakatwa mapanga mashambani, na waliokata walijiita Waislamu, wakisema wanafanya kazi ya Mungu. Kwetu Goma mapanga hayakufika, yalifika maswali. Watu walileta simu zao kuchaji na wakaniuliza mimi, si yeye:

"Jirani yako anasema nini juu ya ile mambo?"

"Anasema kamba yangu ya nguo imelegea."

Yeye naye aliulizwa kila mahali. Wakubwa wa msikiti walisoma tangazo redioni, wakalaani, wakalaani tena baada ya kijiji kingine, na bado watu walisema mbona wamekaa kimya. "Kulaani kwetu kumekuwa kama bendera ya ofisi," aliniambia siku moja akianua nguo. "Inapanda asubuhi, inashuka jioni, hakuna mutu anaitazama. Siku moja isipopanda, ndiyo wote wataiona."

Ni yeye aliyeleta wazo la mchezo wa mwaka ule. Vijana walikuwa wakibishana. Mmoja alitaka shehe apewe panga la mbao, mwingine akasema tumtoe kabisa, tubaki na padri na pasta, ni salama zaidi. Jirani alikuwa amekaa pembeni akishonelea kifungo cha pasta.

"Mukinitoa," alisema, "mumenifukuza kwa adabu. Mukinipa panga, mumesema uongo. Mutumeni shehe aende kununua chumvi."

"Chumvi tu?"

"Chumvi tu. Mutaona kama ataipata."

Tukacheka pale pale, kwa sababu tulielewa. Tukafanya mazoezi hivyo.

Jumamosi kabla ya Bonane, mama mdogo wangu akafika. Ni mdogo wa marehemu mama yangu. Mume wake na mwana wake wa kwanza walikuwa wameuawa katika shamba lao la kakao. Alikuja juu ya kamyo lililobeba maharagwe, na beseni moja na kitenge kimoja. Wengi waliokuwa naye njiani walienda kwenye mahema ya wakimbizi kule Munigi. Yeye alikuwa na sisi, na hiyo ndiyo bahati waliyomwambia anayo. Hakulia. Aliomba ufagio, akafagia kiwanja chote, hata upande wa jirani.

Jirani akaja kumpa pole, amevaa suruali na shati, kamba ya kupimia shingoni. Alichuchumaa mlangoni, akasema maneno machache ya taratibu, na mama mdogo akamjibu, "Aksanti, papa." Hakujua yeye ni wa dini gani, na hakuna aliyemwambia. Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kusema, na mimi nikisubiri kitu huwa nasubiri kweli.

Nilimsindikiza jirani hadi kwake, yaani hatua za kuvuka kamba ya nguo. Hapo akaniambia jambo ambalo sikulijua: shemeji yake, kaka wa mke wake, alikuwa imamu kwenye kijiji cha upande uleule wa Beni. Aliwaambia wale watu wa porini kwamba wanachofanya hakina kitabu. Wakamkata naye.

"Umwambie mama," nilisema. "Atakuelewa mara moja."

"Hapana. Marehemu wetu si kadi ya uchaguzi ya kuonyesha kwenye barieri ya askari ili nipite." Akanishika mkono. "Na wewe usimwambie. Weye mudomo wako uko kama mulango wa robine."

Bonane ilikuwa siku mbili tatu baadaye, kabla ya Ijumaa, siku ya jirani kuvaa kanzu. Mvua ilinyesha asubuhi, na mvua ya Goma inapogusa vumbi jeusi la volkano, mtu mwenye akili anavaa mabuti ya mpira. Nikavaa mabuti, juu yake kanzu ya jirani, ambayo kwangu ilifagia chini kama ya bibi harusi. Mama mdogo tulimwacha nyumbani. Alisema hana moyo wa sherehe, na hakuna aliyemlazimisha.

Mchezo ulienda vizuri kuliko miaka yote. Nikafika kwa mwuza chumvi.

"Mama, nipe chumvi."

"Kwanza laani, shehe."

"Nalaani. Nipe chumvi."

"Umelaani kidogo. Laani na wa mwaka jana."

Nikalaani wa mwaka jana. Akaja mnyoaji nywele, akaniuliza mbona nimelaani nikitazama kando. Akaja padri na chupa yake mkononi, akasema mimi ninalaani kwa sauti ya mtu anayeyapenda yale mambo. Nikalaani hadi nikapiga magoti. Mwishowe mwuza chumvi akasema, "Vizuri, shehe, tumekuamini. Lakini chumvi imeisha." Watu walianguka kwa kicheko. Jirani alikuwa akifuta machozi kwa kofia yake. Hata wale wa simu, waliokuwa wakiniuliza maswali, walicheka, na nadhani baadhi yao walijiona. Nilifikiri, kumbe kitu kinaweza kusemwa.

Hapo mama mdogo akaja kuchota maji. Maji yalikuwa yameisha kwenye pipa, na kwake yeye pipa tupu lilikuwa aibu. Alitokea nyuma yangu na bidoni mkononi. Nilikuwa bado nimepiga magoti, nikaanza kusimama, na kanzu ikapanda juu ya mabuti.

Sauti aliyoitoa sitajaribu kuiandika. Watu wakacheka zaidi. Walidhani ni sehemu ya mchezo, kwamba tumemleta mwanamke wa kupiga kelele mwishoni. Nikavua kofia, nikamgeukia: "Mama mudogo, ni miye! Ni mutoto wako!" Kadiri nilivyomsogelea ndivyo alivyorudi nyuma, na watu wakapiga makofi. Ningevua kanzu, lakini chini yake nilikuwa na chupi tu, maana kanzu ile ilikuwa na joto. Nikabaki nimeishika katikati, nusu imepanda, mtu wa kuchekesha kuliko wote waliowahi kusimama pale.

Aliyefika kwake wa kwanza ni jirani. Nilimwona akiitia kofia mfukoni kabla hajainama. Mama mdogo alikaa juu ya mawe, akamruhusu amshike kiwiko, na polepole kicheko kikakoma, safu moja baada ya nyingine.

Alasiri, ndani, mama mdogo akatuambia mimi na mke wangu. Siku ile ya mauaji alikuwa amelala chini ya majani ya kakao. Hakuona sura ya mtu yeyote. Aliona pindo la nguo nyeupe na mabuti ya mpira, yakienda, yakisimama, yakirudi. "Basi," alisema, "miye najua pindo tu."

Nyumba zetu ni za mbao. Jirani alikuwa amesimama nje, amekuja kuchukua kanzu yake, na alisikia yote. Hakugonga. Nilimpelekea baadaye, akaipokea bila utani.

Na Ijumaa akatoka nayo. Nilikuwa kwenye kiti changu. Nikaona kwanza malapa, halafu miguu miwili mikavu yenye nywele, halafu, mbali sana juu, karibu na magoti, kanzu. Alikuwa ameikata.

"Papa," nilimwambia, "unafanana na mutoto wa komunyo ya kwanza aliyekua mbio kuliko nguo yake."

"Mama ataona miguu yangu kwanza," alisema. "Ataona haina mabuti. Halafu ndipo ataona nguo."

Alipita. Mama mdogo alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Akatazama ile miguu, akaacha maharagwe, akaingia ndani bila kelele. Sisi wawili tulihesabu huo kuwa ushindi. Nilimwonyesha jirani kidole gumba, naye akatikisa mguu mmoja hewani kama jogoo.

Tulikuwa tumesahau jambo moja, mimi kwa ujinga, yeye kwa huruma. Kanzu fupi ina maana yake. Kuna Waislamu wenye msimamo mkali wanaokata nguo zao hivyo kwa makusudi, na msikitini kwao watu hawa wanajulikana na wanaogopwa. Siku hiyo hiyo wazee wa msikiti walimvuta pembeni: umejiunga nao lini? Yeye aliyeonekana anaichezea dini sasa akaonekana ameizidisha. Na mtaani nako, watu ambao mwezi uliopita hawakujua kanzu ina mikono mingapi walianza kupima mapindo.

"Jirani yako amekata nguo," mteja mmoja aliniambia huku akinipa simu. "Tunajua ile maana yake ni nini."

"Amekata sababu ya mama mudogo wangu," nilijibu.

"Ndiyo wanavyoanza," alisema, na mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Wiki haikuisha, shefu wa avenyu akaja na wanaume wawili. Alikaa kwenye kiti changu, kwa hiyo nikasimama, na nilivyo mtu wa kukaa, nikisimama akili haifanyi kazi. Akasema mwenye kiwanja ana wasiwasi. Akasema kambi ya askari iko karibu, hawataki matatizo. Jirani ajieleze, ama ahame mwisho wa mwezi, yeye na mke wake na cherehani yake.

"Papa, tueleze ile kanzu."

"Niliikata sababu ya mama."

"Mama gani? Alikuagiza?"

Jirani akafungua mdomo, akatazama mlango wetu, akaufunga. Kueleza kanzu kungekuwa kueleza majani ya kakao, na hayo hayakuwa yake. Nikamtazama, nikiwaza, basi sema habari ya shemeji yako, yule imamu. Akaniona ninawaza. Akatikisa kichwa kidogo sana. Na mimi, ambaye pale robine nilikuwa na maneno ya mashehe wote, sikupata hata neno la Mkatoliki mmoja. Nilisema tu, "Shefu, ni mutu muzuri." Shefu alinitazama kama mtu anayetazama simu isiyoshika chaji.

"Kama ni muzuri," akasema, "ulaani hapa mbele yetu."

Mmoja wa wale wanaume, aliyekuwepo siku ya Bonane, akaangua kicheko kisha akajiziba mdomo. Shefu hakuelewa. Jirani alielewa.

"Shefu," alisema taratibu, "na chumvi nitapata?"

"Chumvi gani?"

"Haizuru." Akalaani. Alisema yote, wale wa mwaka huu na wa mwaka jana, macho chini, kwa sauti ya mtu anayesoma bei.

"Sema kwa nguvu," alisema shefu.

Mama mdogo akatoka ndani. Alikuwa na ufagio mkononi, nadhani alisahau kuuweka. Alisimama mbali na jirani, upande wa pili wa kamba ya nguo.

Shefu akasimama kidogo kwa heshima. "Mama, pole na yaliyokupata. Sema usiogope. Huyu papa unamuogopa?"

"Ndiyo," alisema mama mdogo.

Wale wanaume wakatazamana kama watu waliomaliza kazi. Jirani hakuinua kichwa.

"Namuogopa kila siku anapita," aliendelea. "Nikisikia malapa yake naingia ndani. Lakini huu woga ni wangu. Nilitoka nao kwetu, nilikuja nao juu ya kamyo. Musimupe yeye aubebe."

"Sasa mama, unataka aende ao abaki?"

"Miye ndiye mugeni hapa," alisema, akaanza kufagia mahali ambapo shefu alikuwa ameweka miguu, hadi shefu akaisogeza, halafu akaondoka. Alisema wataangalia. Hakurudi kusema wameangalia nini. Mwisho wa mwezi ukafika, jirani akiwa amefunga nusu ya vitu vyake kwa kamba, ukapita, na vitu vikabaki vimefungwa.

Kitambaa kikikatwa kimekatwa. Aliongeza kipande chini ya kanzu ili irudi urefu wake, lakini weupe haukulingana, na mshono ulionekana kama mstari wa maji ukutani baada ya mafuriko. Msikitini waliridhika. Mtaani wakasema, sasa anajificha. Nilijaribu kutania: "Papa, ina sakafu mbili." Alicheka, kwa adabu tu. Mwaka uliofuata vijana hawakuniita kuwa shehe, na hakuna aliyekuja kuazima nguo. Padri na pasta waliigiza peke yao. Niliwasikia nikiwa kwenye kiti changu.

Lakini tulipata utaratibu, au utaratibu ulitupata. Ijumaa, kabla ya swala, mama mdogo anaingia ndani na kufunga mlango. Hakuna aliyemwagiza. Jirani anasikia komeo, ndipo anatoka amevaa. Akifika kwenye kiingilio cha kiwanja, mama mdogo anauliza kutoka nyuma ya mbao:

"Papa, umepita?"

"Nimepita, mama."

Na mlango unafunguka, maharagwe yanaendelea. Siku nyingine wanasalimiana vizuri, jirani akiwa na suruali na kamba yake ya kupimia. Alimshonea hata blauzi. Sijui kama hiyo ni amani. Nilimwuliza mke wangu, akasema ni Ijumaa tu.

Ijumaa moja ilinyesha tangu alfajiri, na kiwanja kikawa uji mweusi. Komeo likalia. Jirani akatokea mlangoni mwake na kanzu ya sakafu mbili, mabuti ya mpira mkononi. Akanitazama mimi. Akatazama mlango wetu uliofungwa. Akayarudisha mabuti ndani, akashuka matopeni na malapa, ameshika pindo kwa mikono miwili kama mwanamke anayevuka mto. Lapa moja likanasa. Akasimama katikati ya kiwanja, akivuta mguu.

"Papa, umepita?"

Nilikuwa na simu ya mtu mkononi. Nikafungua mdomo kumtania.

"Nimepita, mama," alisema, akiwa bado pale, akaachia pindo kwa mkono mmoja na kuweka kidole mdomoni mwake, nisiseme kwamba hajapita.